Kumbe miaka yote mlikuwa mnadaiwa?

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa kumi 2024, kwenye saa nne na nusu asubuhi, nimesimama nje ya benki pale Posta nimeshika kikaratasi ambacho kwenye salio la mkopo pameandikwa sifuri, nusu nicheke nusu nilie, jua linanichoma utosini, nikatoa simu nimpigie mtu. Ndo hapo nikagundua sina wa kumpigia.

Sio kwamba sina watu. Watu ninao, tena wengi kuliko ninavyoweza kuwalisha siku ya Idi. Shida ni kwamba ili umwambie mtu "nimemaliza kulipia nyumba" lazima kwanza awe anajua kuna nyumba ulikuwa unailipia, na kwenye ukoo mzima, kwangu na kwa baba watoto, alikuwa hajui hata mmoja. Miaka nane na nusu tumekaa na hiyo siri, tumelala nayo, tumepokea wageni nayo, mpaka mimi mwenyewe kuna siku nilikuwa nasahau kama ni siri, naikumbuka tu tarehe 25 mshahara ukiingia na milioni moja na ushee ikichomoka kabla sijaiona sura.

Basi nikampigia baba watoto ambaye alikuwa juu ya ngazi Masaki huko anafunga AC ya mtu, nikamwambia "imeisha", akanyamaza kidogo, akasema "ngoja nishuke kwanza nisije nikaanguka bure siku ya leo."

Nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Dar watu wanajenga, hawanunui. Unapata kiwanja, unachimba msingi, hela inaisha, msingi unakaa miaka miwili, unapandisha boma, majani yanaota sebuleni, unahangaika na bati, unahamia madirisha umeziba kwa mabanzi na turubai, na kila hatua kuna shangazi anapita anasema hongera. Hiyo ndo nyumba inayoeleweka. Na sisi tulijaribu hivohivo, 2013 tulinunua kiwanja Chanika kwa milioni 4, tulivyoenda kumwaga mawe tukamkuta mama mmoja anamwaga mawe yake palepale, ana karatasi kama yetu, muuzaji yuleyule, saini ileile. Yule mama alikuwa ametutangulia miezi mitatu. Tulikaa juu ya mawe yake tukanywa maji yake tukaondoka. Sitaki kuongelea hiyo habari sana, bado inaniuma.

Baada ya hapo baba watoto akasema hanunui tena ardhi ya maneno, anataka kitu chenye hati. Ndo tukaangukia kwenye mkopo wa nyumba. Vyumba vitatu, Kibada, Kigamboni, milioni 85. Sisi tulitakiwa tuanze na asilimia 20 ambayo ni milioni 17, tuliikusanya kwa kikoba changu, akiba zake, na friji mbili alizouza kwa hasira. Benki ikaweka 68. Riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka 15. Kwa 2016 hiyo asilimia 17 wenzangu ofisini waliniambia nina bahati, kuna waliokuwa wanakatwa 19 na zaidi. Nikajiona mjanja. Mimi ni mhasibu jamani, naomba mkumbuke hilo tukifika mbele.

Siku ya kusaini tulikaa benki toka asubuhi mpaka adhuhuri. Nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani mpaka mwenza aridhie kwa maandishi, kwa hiyo baba watoto alisoma kila ukurasa huku midomo inacheza kama anasoma Yasini, na akifika mahali hapaelewi anamuuliza yule kijana wa mikopo "na hapa mnamaanisha mtatutoa?" Kijana anajibu "hapana kaka, ni utaratibu tu." Anageuza ukurasa. "Na hapa?"

Tukahamia mwezi wa nne, wiki zilezile Daraja la Nyerere limefunguliwa, kwa hiyo ndugu waliokuja kutupongeza nusu walikuja kuona nyumba na nusu walikuja kuona daraja. Shangazi yangu ndo aliyeharibu. Aliingia getini na vigelegele, "mwanetu kajengaaa!", na mimi nikafungua mdomo nimwambie shangazi hatujajenga bwana, tumenunua kwa mkopo, baba watoto akanikanyaga mguu. Basi ikawa hivyo, tumejenga. Uongo hatukuusema sisi ila pilau lake tulilila.

Sababu za kunyamaza zilikuwepo. Mjomba wangu anafundisha madrasa Muheza, na riba kwake ni riba, hakuna cha nyumba wala cha gari. Mama yangu ana presha, alafu ni mtu ambaye dukani hakopi hata kiberiti, anasema bora alale giza. Na sababu nyingine ambayo nimechelewa sana kuikubali ni kwamba nilipenda kuitwa mwenye nyumba. Nilikuwa na miaka 33, nimepanga vyumba tangu chuo, nimewahi kuoga kwa zamu na wapangaji saba, halafu ghafla watu wananiita mama mwenye nyumba. Nani angeitoa hiyo?

Sasa hesabu. Makato yalikuwa 1,046,500 kwa mwezi. Mwaka 2019 mwezi wa nne tumefikisha miaka mitatu, nikaenda benki kuomba steitimenti ya mkopo kwa jambo lingine kabisa, wala sikuwa na wasiwasi, nikaisoma kwenye foleni ya pantoni. Tulikuwa tumelipa milioni 37 na laki sita na ushee. Deni lilikuwa limeshuka kutoka milioni 68 mpaka milioni 64 na laki moja.

Nikarudia kusoma. Nikadhani wamekosea. Pantoni likaja likaondoka mi bado nipo.

Hawakukosea. Ndo hesabu ya riba inavyokwenda, kila mwezi riba inapigwa kwenye salio lililobaki, na mwanzoni salio ni kubwa, kwa hiyo mwezi wa kwanza tu riba peke yake ilikuwa 963,000 na kilichogusa deni lenyewe ni 83,000. Elfu themanini na tatu! Kwenye milioni na zaidi! Na tukienda hivyohivyo mpaka mwaka 2031 tungekuwa tumelipa milioni 188 kwa nyumba ya 85. Mimi naandaa hesabu za kampuni ya watu wanaotoa makontena bandarini, kila mwezi naziona riba za mikopo yao naziandika bila hata kupepesa macho, ila yangu sikuwahi kukaa nikaipiga. Mganga hajigangi.

Usiku ule nikamwonyesha baba watoto. Hakugomba. Akachukua kalamu akauliza, "nikiongeza laki sita juu, inaenda wapi?" Nikamwambia inaenda yote kwenye deni lenyewe. "Yote?" Yote. Akasema basi AC zitalipa.

Na kweli joto la Dar ndo lilitulipia nyumba, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu simu yake haizimi, watu wanalala mlango wazi, wanampigia saa tano usiku, kaka njoo hata kwa bei yoyote. Miezi hiyo tuliweka mpaka milioni moja na nusu juu ya makato. Mwezi wa sita na wa saba kibaridi kikiingia tunaweka laki mbili, au hatuweki. Mwaka 2020 corona ilivyoingia ofisini wakakata mishahara theluthi, mahoteli yakafunga AC zao, hatukuongeza hata mia kwa miezi karibu nane, tulibaki kuomba tu makato ya kawaida yatoke.

Kitu kimoja niwaambie kama na wewe una mkopo, maana hichi kilinitoa machozi: miezi minne ya mwanzo tuliweka hela ya ziada kwenye akaunti tukijua inapunguza deni, kumbe imekaa tu pale, wanaisubiria kukatia rejesho la mwezi unaofuata. Hakuna aliyetuambia kwamba lazima uandike barua kusema hii hela ipunguze deni la msingi. Nilivyouliza, dada wa dirishani akaniambia kwa upole kabisa "ungeandika barua." Tangu siku hiyo niliandika barua kila mara, nina faili zima, ningeweza kuitoa kama riwaya.

Tulimaliza kwa jumla ya kama milioni 137. Yaani tumeokoa milioni 50 hivi na miaka sita na nusu. Na akaunti siku ile ilibaki na 212,000, hiyo muiweke akilini.

Haya, kuwaambia watu.

Tulikubaliana mama yangu awe wa kwanza, na niende mwenyewe, sio kwa simu. Nikapanda basi la Tanga Jumamosi nikashuka Muheza na mkate na sukari kama kawaida. Nikamsalimia, tukala, tukaswali, nikamsaidia kuchambua mchicha. Nikaanza, "mama, kuna kitu nataka nikwambie kuhusu ile nyumba."

Akaacha mchicha. "Imeungua?"

"Haijaungua mama."

"Mumeo kaiuza?"

"Mama nisikilize kwanza."

Nikamweleza. Nilijipanga kwenye basi nianze na habari njema nimalizie na mbaya lakini haiwezekani, habari njema haina miguu bila ile mbaya. Kwa hiyo nikaanza na mkopo, nikamwambia benki ndo iliyolipa, sisi tukawa tunailipa benki, hati ilikuwa kwao, na Ijumaa tumemaliza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, jambo ambalo sio kawaida yake. Alafu akasema:

"Kwa hiyo ile mwaka juzi nimekuja kukaa miezi miwili natibiwa macho, nilikuwa nalala kwenye nyumba ya benki?"

Nikamwambia sio hivyo mama.

"Na ule mwembe nimeupanda, nimeipandia benki?"

Nilitaka kucheka nikamwangalia usoni nikaona hachekeshi. Akarudi kwenye mchicha wake. Ukapita muda mrefu, kuku wanapita, mi nachora chini na kijiti kama mtoto. Baadae akaniuliza mngeshindwa ingekuwaje, nikamwambia wangeiuza. Akauliza, na siku ile corona ulivyonipigia ukasema ofisini mambo mazuri? Nikamwambia siku ile mama nilikuwa nimekatwa mshahara. Akasema "hmm." Hiyo "hmm" yake kama unatokea pwani unaijua, inaingia mfupani. Alichokasirikia sio deni kumbe, ni kwamba nilikuwa na shida miaka yote hiyo na yeye alikuwa ananiombea dua za mtu mwenye raha. "Nimekuombea vitu ambavyo hukuvihitaji," ndo alivyosema. "Ungeniambia ningekuombea riziki, mi nakuombea Mungu akuepushe na husda."

Usiku kabla ya kulala akaja kukaa pembeni ya kitanda akaniuliza kwa sauti ndogo, "hawadai tena? Hata kidogo?" Nikamwambia hata shilingi. Akasema alhamdulillah, akanivuta sikio kama zamani, akaenda kulala.

Asubuhi nikaenda kwa Mjomba, maana mama alisema akisikia kwa mwingine itakuwa vibaya zaidi. Mjomba shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwambia. Yeye hakuuliza kiasi wala benki gani. Akasema kwenye riba anayekula na anayelisha wote sawa, na anayeiandika pia. Hapo kwenye anayeiandika aliniangalia, maana anajua kazi yangu. Sikubishana. Akasema siku hizi kuna benki za Kiislamu, mngeuliza. Akasema tubuni na msirudie, alafu akanyanyua mikono akatuombea dua ndefu ya nyumba, mpaka na kisima akakiombea ambacho hatuna. Niliondoka pale nimenyooshwa lakini nimebarikiwa, sijui niseme vipi, vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja.

Sasa mdogo wangu wa kiume. Huyu ndo nilikuwa namuogopa kuliko wote.

Mwaka 2018 alinijia anataka milioni moja na nusu ajazie anunue bodaboda, tena hakuomba bure, alisema mkopo dada nitakurudishia kila wiki. Nikamwambia sina. Na kweli sikuwa nayo, ila ukikaa kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye vigae na geti, ukamwambia mtu huna milioni na nusu, anaona unamtukana. Aliondoka hata soda hakumaliza. Miaka miwili tukawa tunasalimiana kwenye misiba tu. Baadae yakaisha yenyewe, alipata boda kwa mkataba kwa mtu, kila siku anapeleka hela kwa tajiri, mpaka ikawa yake. Hatukuwahi kuliongelea.

Nilimpigia simu. Nikamweleza yote. Kimya. Nikadhani mtandao umekata, "haloo?" Akasema nipo. Alafu akasema:

"Kumbe miaka yote mlikuwa mnadaiwa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Hata ile siku?"

"Ile siku ndo tulikuwa tunadaiwa kuliko siku zote."

Akacheka kicheko kimoja hivi kikavu. "Dada, ungeniambia tu. Mi nimewaambia watu wote kijiweni kwamba dada yangu tajiri ana roho ya kutu." Kidogo akaongeza, "afu na mimi nilikuwa na mkataba wangu huku, wewe una mkataba wako huko, kila mtu anapeleka hesabu kwa tajiri wake." Sijui ilikuwaje tukaanza kucheka wote, mi nimekaa chini jikoni, yeye huko kijiweni nasikia honi zinapita, tukaanza kuulizana, we ulikuwa unapeleka tarehe ngapi, walikuwa wanakupigia simu? Wangu walikuwa wanapiga! Wangu walikuwa wananitumia meseji alfajiri! Nusu saa nzima. Nilikata simu nikajiuliza kwa nini huyu sikumwambia mwaka 2018, angekuwa mwenzangu.

Upande wa pili haukuwa na machozi. Baba watoto aliwaita wifi yangu mkubwa na shemeji nyumbani Jumapili, tukawalisha kwanza. Wifi alisikiliza vizuri, akasema hongereni, akanywa maji, akauliza, "sasa hiyo milioni ya kila mwezi itakuwa inaenda wapi?"

Yaani hata wiki mbili hazijafika. Mimi mwenyewe sijaiona hiyo milioni, yeye ameshaitafutia kazi. Shemeji yeye ni mtu wa kujua, kila kitu anajua, akasema hata hivyo kisheria bado sio yenu, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini, nyie mna miaka 99 tu ya kukaa. Baba watoto akamwambia kaka, mimi nina miaka 45, hizo 99 zinanitosha. Shemeji akaendelea, na kodi ya jengo je? Nikamwambia ile tunakatwa kwenye LUKU tukinunua umeme, 1,500 kila mwezi. Na pango la ardhi? Tunalipa kila mwaka. "Mnaona? Bado mnadaiwa." Nikampa ndizi.

Kwenye grupu la ukoo la WhatsApp tulikubaliana tusiandike kitu. Lakini shangazi yule wa vigelegele hakukubaliana na mtu. Aliposikia kwa mama akarekodi sauti ya dakika nne, kwamba jamani mwanetu kumbe hakujenga, alikopa, lakini kalipa, mpeni hongera. Ikaja mvua ya mikono ya dua na maua. Na kesho yake simu zikaanza. Wote wanaanza na hongera, na wote baada ya hongera wana "sasa mwanangu" au "sasa dada". Ada ya chuo. Operesheni. Mchango wa harusi, kadi ya laki moja kwa mbili. Binamu mmoja ambaye toka msiba wa babu sijamsikia alikuja na kubwa kuliko zote: kwa vile hati sasa iko huru, nimuazime aiweke dhamana achukue milioni 30 alime vitunguu. Alisema nimuazime kama vile anaazima ndoo! Nikamwambia hati yenyewe bado hatujapewa. Akasema sawa atasubiri.

Na ilikuwa kweli hatujapewa. Hilo nalo watu hawajui, kumaliza deni na kupata hati ni safari mbili. Kwanza benki ikupe barua kwamba hudaiwi, alafu wasaini fomu ya kuondoa rehani, hiyo inaenda kwa Msajili wa Hati ifutwe kwenye daftari, maana bila kufutwa, kule bado inasomeka kwamba nyumba yenu imewekwa rehani hata kama umelipa mpaka senti. Benki ilituchukua wiki saba kuitafuta hati. Mara iko makao makuu, mara aliyeshika ufunguo yuko likizo. Wakati wa kukopesha walikuwa wananipigia simu mbili kwa siku. Na katikati ya hizo wiki saba, yule kijana wa mikopo, sasa hivi ni bosi ana kitambi, alinipigia kuniambia dada, kwa historia yako nzuri unaweza kupata mkopo mwingine hata kesho. Sikumjibu vibaya. Nilimwambia hati kwanza.

Ofisini nilimwambia mtu mmoja tu, dada wa idara ya forodha ambaye na yeye ana mkopo wa nyumba Goba, amebakiza miaka saba. Huyu ndo peke yake ambaye hakusema hongera kwanza. Alisema "barua ulikuwa unaandika?" Nikamwambia kila mwezi. Akafunga mlango, tukakaa na kikokotoo mpaka saa ya kutoka. Kuna kaka mwingine alitusikia akaingilia, akasema mmefanya kosa, hela ile mngeweka kwenye hatifungani za serikali, unaikopesha serikali inakulipa riba, ile ya miaka 25 ilikuwa inatoa asilimia 15.95 kabla hawajashusha 2022. Nikamwambia kaka, mi nilikuwa nadaiwa kwa 17. Nikiweka mahali inarudi 15.95 huku natoa 17, nimepata nini? Akafikiria. Akasema lakini ungekuwa na hela mkononi. Hapo ana hoja, sikatai, kuna usiku mwaka 2021 mtoto wa pili kalazwa na sisi wiki hiyo tumetoka kuzika milioni nzima kwenye deni, tulikopa kwa jirani hela ya dawa. Benki ukishaipa hairudi. Kama ningeanza upya ningeacha miezi mitatu ya matumizi pembeni kwanza ndo niongeze, hata kama ingenichelewesha mwaka.

Wifi naye bado anauliza milioni inaenda wapi. Mwezi wa kwanza ilivyobaki kwenye mshahara tulikaa tunaiangalia kwenye simu, hatujui tuanzie wapi, kwa hiyo tukamlipa jirani, tukanunua bati tatu maana jiko linavuja tangu 2022, tukala kuku wa kuchoma Feri, na miezi iliyofuata nikamtumia mdogo wangu bila kuombwa, milioni na nusu kwa mafungu matatu. Alirudisha fungu la kwanza. La pili akalipokea. Baadae akaniambia ameweka tairi mpya na kofia ya abiria.

Hati tuliipata Januari, safi, rehani imefutwa, majina yetu wawili. Mama akaja Kigamboni na mfuko wa iliki na pilipili manga za Amani, hata hakukaa, akaenda moja kwa moja nyuma kwenye mwembe wake akaugusa shina, akarudi ndani akasema niitoe. Nikampa. Miwani aliisahau Muheza, kwa hiyo akaishika mbali, akaishika karibu, akauliza jina lako ni lipi hapa, nikamwonyesha kwa kidole, na la mumeo, nikamwonyesha. Akapitisha kidole gumba juu ya majina taratibu, akaikunja kwenye bahasha yake vilevile ilivyokuwa, akanirudishia.

"Kaifiche," akasema. "Na usimwambie mtu iko wapi."